Aiwa Imekwenda Wapi? Niliyoyaona Migori na Homa Bay

Khalati yangu ameolewa Migori tangu mwaka 1984. Mumewe alikuwa akiuza nguo mchana na kusomesha madrasa jioni, na alipofariki mwaka 2009, Mungu amrehemu, aliacha kopo la biskuti lenye kanda kumi na nne. Kwenye kanda hizo mna sauti yake: darsa za Ramadhani, watoto wakisomeshwa Juzuu Amma, na harusi za binti zake wawili. Miaka yote hiyo khalati amekuwa akizisikiliza kwa hai-fai yake ya Aiwa, ile ya milango miwili ya kanda na sinia la CD tatu juu.

Mfungo Sita uliopita akanipigia simu. "Mwanangu, redio imekula kanda ya ami yako. Nitafutie Aiwa nyengine."

Nikamwambia asijali, nikija nitamnunulia huko huko Migori. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Nilizunguka maduka ya vyombo vya umeme mjini, kuanzia upande wa stendi mpaka ninapokaribia mtoni. Rafu zimejaa Vitron, Sayona na majina mengine ambayo kila msimu hubadilika. Yote ni sabufa: kisanduku kimoja kikubwa cha besi, vispika viwili au vitatu pembeni, tundu la flashi, memori kadi, Bluetooth na taa za rangi. Mlango wa kanda hakuna hata mmoja. Kijana aliyekuwa akiuza aliniuliza, "Aiwa ni sabufa ya wapi?" Sikumlaumu. Alizaliwa baada ya kampuni yenyewe kufungwa.

Sisi wa rika langu hatuhitaji kuelezwa. Hapa Pwani jina lenyewe lilitukaa mdomoni bila tabu, maana mtu akikubali jambo husema "aiwa" na hakuna anayeshangaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipolegeza leseni za kuagiza bidhaa na udhibiti wa fedha za kigeni, redio zilianza kumiminika kutoka Dubai. Aliyerudi kutoka Ghuba bila hai-fai begani alionekana kama hakufika. Zilishuka Mombasa, nyengine zikabaki Majengo na Kisauni, nyengine zikapanda lori mpaka Kisumu, na kutoka huko zikateremka Homa Bay na Migori, wilaya ambazo kabla ya hapo zilikuwa moja, Nyanza Kusini.

Na kule zilipata wasikilizaji wenye masikio. Benga si muziki wa kuchezwa kwa redio yenye spika moja. Gita la juu linakimbia, besi inajibu, na usipozisikia zote mbili hujasikia kitu. Owino Misiani, aliyefariki mwaka 2006, alizaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka upande wa Tanzania, na kanda zake zilikuwa kila duka. Ukibonyeza kile kitufe cha T-Bass cha Aiwa, ukuta wa bati unatetema. Sisi huku tulikibonyeza kwa Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, kwa kanda tulizonunua Mbwana Radio Service. Mashine ni ile ile.

Sasa tuje kwa hilo swali la khalati: imekwenda wapi?

Aiwa ilianza Japani mwaka 1951, ikalichukua jina hili mwaka 1959. Mwaka 1964 ilitoa mashine ya kwanza ya Kijapani ya kurekodi kaseti, TP-707, kwa hivyo kanda ndiyo iliyokuwa fani yake tangu zamani. Watu wengi hawajui kwamba tangu mwaka 1969 Sony ilikuwa na hisa kubwa ndani yake. Tulipokuwa tukibishana barazani kipi bora, Sony au Aiwa, tulikuwa tunabishana juu ya ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja akiuza ghali na mwengine akiuza rahisi.

Urahisi huo ndio uliompa Aiwa ufalme, na ndio uliomwangusha. Sarafu ya Japani ilipopanda thamani, kampuni ilihamisha sehemu kubwa ya utengenezaji kwenda Singapore, Malaysia na kwengineko ambako gharama ni ndogo. Ikaweza kuuza amplifaya, redio, kanda na CD kwa umbo moja kwa bei ambayo mwalimu au mwuza samaki angeweza kuifikia akijibana. Lakini siri ya bei ndogo haifichiki. Viwanda vya China vilipoingia, vilifanya yale yale kwa bei ndogo zaidi, na wakati huo huo watu wakaanza kuiacha kanda. Aiwa ikaingia hasara. Mwaka 2002 Sony ikaimeza kabisa, mwaka 2003 ikalitoa tena jina hilo kwa nembo mpya, na mwaka 2006 ikatangaza kuachana nalo.

Jina halikuzikwa, hata hivyo. Mwaka 2017 kampuni ya Kijapani iitwayo Towada Audio ililichukua, na katika nchi mbalimbali kuna kampuni nyengine zinazolitumia. Kwa hivyo ukiona leo spika mpya imeandikwa Aiwa, huenda ikawa nzuri na huenda ikawa mbaya, lakini usiinunue kwa kumbukumbu ya ile ya babako. Waliotengeneza ile hawako tena kazini.

Nilipokuwa njiani kutoka Migori kwenda Homa Bay nilimweleza habari hizi abiria mwenzangu. Tulikuwa tumefika Awendo. Niliposema Sony ndiyo iliyoimeza Aiwa, alinikazia macho kisha akacheka sana. Kwa mtu wa huku, Sony ni kiwanda cha sukari, kifupi cha South Nyanza, kilichoanzishwa mwaka 1976. Alinikumbusha kwamba pesa za miwa ndizo zilizonunua hai-fai nyingi za Awendo, kwa hivyo Sony iliila Aiwa na Sony nyengine ikainunua.

Lakini kuna sababu ambayo haiko Japani wala China, na sikuifikiria mpaka nilipofika huko. Hai-fai ya Aiwa hutaka umeme wa ukutani. Vijiji vingi vya kaunti hizi mbili vilikaa bila umeme wa serikali mpaka majuzi. Mradi wa Last Mile wenyewe ulianza mwaka 2015. Sabufa nyingi za leo zina waya wa volti 12. Unazifunga kwa betri ya gari au ya sola, unachomeka flashi yenye nyimbo mia tano, na uko matangani unapiga mpaka alfajiri. Mwenye sola nyumbani hana haja ya kubabaishwa na jina. Ningekuwa yeye, nami ningenunua sabufa.

Tatizo ni kwamba flashi haisomi kanda za ami.

Kabla sijafika, fundi mmoja wa Migori alikuwa amejaribu. Spika ya kushoto haikuwa na sauti, akabadilisha IC ya STK, kile kibao cheusi chenye miguu mingi kinachosukuma sauti kwenye amplifaya. Aliuziwa kama orijino. Ilidumu siku nne. Mafundi wote wa Afrika Mashariki wanazijua STK. Zilikuwa za Sanyo, na Sanyo nayo imemezwa na Panasonic, na kitengo chake cha vipuri hivyo kiliuzwa kwa Wamarekani mwaka 2011. Za zamani zimeadimika na za bandia zimejaa.

Homa Bay nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Aliigeuza Aiwa ya khalati, akaifungua, akanusa.

"Ustadh, unataka kupiga disko ama unataka sauti itoke kwa kanda?"

Nikamwambia nataka sauti itoke kwa kanda.

"Basi achana na amplifaya. Hiyo hauhitaji."

Hapo ndipo nilipojifunza. Kilichokula kanda ni mikanda ya mpira inayozungusha mtambo. Mpira huzeeka, hulegea na mwengine huyeyuka kama lami, kisha gurudumu moja linakwenda na jengine linasimama, na utepe unajikunja ndani. Alitoa mikanda miwili, akaweka mengine, akasafisha hedi kwa pamba na spiriti. Kisha akauvuta waya wa sauti kabla haujafika kwenye amplifaya, akaufungia pini ya kuchomeka kwenye kompyuta. Alinitoza shilingi 1,500.

Kwa wenye makopo kama lile la khalati, na najua mko wengi kuanzia Lamu mpaka Vanga, alinieleza haya. Usianze na kanda ya maana. Ijaribu mashine kwa kanda usiyoijali. Kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa izungushe kwanza kwa kalamu, mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwanzo. Usiirekodi kwa kuiweka simu mbele ya spika, utachukua na jogoo wa jirani. Tumia waya. Na nakala moja ikae nje ya nyumba yako.

Tulikaa siku mbili sebuleni kwa khalati, kompyuta juu ya meza. Kanda moja ilikuwa imeota ukungu na haikutoa kitu. Ile iliyoliwa tuliikata na kuiunga kwa gundi ya utepe, ikapoteza sekunde chache za harusi ya binti mkubwa, pale wanapoingia wapiga matari. Tisa tumezitoa salama. Katika mmoja wa watoto wa Juzuu Amma khalati alimtambua mwanawe ambaye sasa ana ndevu, akikosea mahali pale pale mara tatu na babake akimrudisha kwa upole.

Zimebaki tatu. Mzee wa Homa Bay amesema mikanda aliyoweka si saizi kamili, haitadumu sana, kwa hivyo nimetafuta mengine kwa fundi wa Majengo na nimeituma Migori kwa basi la Jumanne.