Je, Wajua? Kombe la sabuni lililotua Machakos

Je, wajua kwamba Kombe la Chalenji la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, lina asili yake kwenye sabuni? Mwaka 1926, miaka 37 kabla ya Kenya kuanzisha ligi ya taifa, Kenya na Uganda zilianza kuwania Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na watengenezaji sabuni wa jina hilo. Kenya ikatwaa la kwanza. Tanganyika na Zanzibar zilijiunga miaka ya 1940.

Tarehe 17 Desemba 2017, katika Uwanja wa Kenyatta, Machakos, Kenya na Zanzibar zilitoka sare 2-2 katika fainali ya Kombe la Chalenji, mrithi wa Kombe la Gossage. Kipa wa Kenya, Patrick Matasi, akapangua penalti tatu, na Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, wakashinda 3-2 kwa penalti. Machakos ikaingia kwenye historia iliyoanza zamani za ukoloni.