Nyimbo za Gwaride Zisipotee Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu waliuelekeza kwa wafanyabiashara, lakini unafaa vilevile katika utamaduni, na hasa katika muziki wa Taifa letu.

Mwaka 1906 Scott Joplin, Mmarekani mweusi ambaye baba yake alikuwa mtumwa, alichapisha muziki wa gwaride uitwao Antoinette. Uliuzwa kwa karatasi za nota, ili kila mwenye piano aupige nyumbani kwake. Joplin alifariki mwaka 1917, lakini gwaride lile linapigwa hadi leo kwa kuwa karatasi zipo. Mtunzi huyo huyo alikuwa na mchezo wa kuimbwa, A Guest of Honor, wa mwaka 1903. Nota za mchezo huo zilipotea, na leo hapana awezaye kuupiga. Kipaji ni kimoja. Kilichohifadhiwa kimebaki, kisichohifadhiwa kimekwenda.

Miaka hiyo hiyo Afrika Mashariki nayo ilikuwa na muziki wake wa gwaride, nao ni Beni. Mbegu yake ilikuwa bendi za matarumbeta: ile ya Wagoa wa Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, na ile ya watumwa walioachwa huru huko Freretown, karibu na Mombasa. Vijana wa pwani waliuchukua mdundo huo wakaufanya ngoma yao. Hapa Tanganyika vyama viwili vilishindana, Marini na Arinoti, kila kimoja kikiwa na mfalme wake, majenerali wake na sare zake.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilieneza Beni bara. Askari na wapagazi waliibeba pamoja na mizigo yao, ikafika Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Bonde letu la Kilombero halikuwa mbali na msafara huo, kwani Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi ilipotekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Oktoba 1917.

Wako wasemao kwamba Beni ilikuwa kuwaiga mabwana tu. Sisi hatukubaliani nao. Tarumbeta lilikuwa la mgeni, lakini fikra zilikuwa za wenyeji. Vyama vile viliwasaidia wagonjwa, viliwazika maiti na kuwapokea wageni mjini. Ndani yake watu walionyimwa sauti katika nchi yao walijifunza kutii viongozi waliowakubali, kutunza fedha ya pamoja na kupelekeana habari kutoka mji hadi mji. Si ajabu kwamba Waingereza waliitazama Beni kwa jicho la shaka baada ya vita. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, iliwakuta wananchi ambao umoja haukuwa jambo geni kwao.

Hata hivyo, historia kamili ya Beni ilichapishwa London mwaka 1975, kwa Kiingereza, na Terence Ranger. Tunamshukuru. Lakini sauti zenyewe zilikaa vichwani mwa wapigaji, na wengi wao wamezikwa nazo. Mzao wake, mganda wa pwani ya Ziwa Nyasa, ungali hai. Wachezaji hujipanga kwa safu kama askari, wenye mavazi nadhifu.

Somo hilo linatuhusu sisi wa Ifakara. Hapa Katindiuka na kata jirani wamo walimu wa kwaya wanaosoma na kuandika nota kila juma kwa ajili ya ibada. Wamo pia wazee wanaoijua sangula ya Wapogoro na ngoma za Wandamba. Pande hizi mbili haziketi pamoja. Mwalimu mmoja, mzee mmoja na daftari moja vyatosha kuanza. Simu ya mkononi inase sauti, nota ziandikwe, jina la mwimbaji na la kijiji chake yawekwe. Nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe kwenye chuo cha sanaa cha Bagamoyo.

Kazi hii haihitaji mfadhili wala semina. Inahitaji nia, na inahitaji haraka, maana mzee hamngoji mwandishi. Viongozi wa kata na walimu wakuu waianze msimu huu, baada ya mavuno ya mpunga, watu wanapokuwa na nafasi ya kuimba.