Je, Gata la Nyumba Yako Bado Ni Zima?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya chandarua, choo na maji ya kunywa. Mwezi huu tunawaomba mtoke nje na kuutazama ukingo wa paa. Hapo ndipo hufungwa gata, yaani mfereji wa bati au wa plastiki unaopokea maji ya mvua na kuyapeleka kwenye pipa. Gata zima huipatia familia maji karibu na mlango. Gata bovu hupoteza maji, hubomoa ukuta na hufuga mbu.

Tupige hesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20. Hata kama kiasi fulani kitaruka pembeni, mama na watoto wameepushwa na safari nyingi za kisimani.

Maji yasiyofika kwenye pipa humwagika mahali pamoja, chini ya ukuta. Nyumba iliyojengwa kwa tofali za udongo hulowa, humomonyoka na hupata nyufa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa tuje kwa mbu. Mbu wa malaria wa bonde la Kilombero huzaliana zaidi kwenye madimbwi, mashamba ya mpunga na kandokando ya mito, si kwenye gata. Kwa hiyo mwenye gata safi bado alale ndani ya chandarua. Lakini yupo mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kupenda maji yaliyotuama kwenye matairi, mapipa na magata. Huyo ndiye anayeeneza homa ya dengue, iliyowasumbua watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamemkuta hapa kwetu pia. Mayai yake hunata pembeni mwa chombo, huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha huanguliwa mvua inaporudi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: sugueni kwa brashi.

Mtajuaje kama gata linafaa kutengenezwa au kubadilishwa? Kwanza ondoeni majani na matope. Mmoja apande ngazi na mwingine aishike. Mimineni ndoo ya maji upande ulio mbali na pipa, mtazame yanavyokwenda, kisha mtazame tena kesho yake.

Kama panavuja kiungo kimoja, au kishikizo kimoja kimelegea, tengenezeni tu. Lakini badilisheni gata mkiona haya:

- Kutu imetoboa mahali pengi, au bati linamomonyoka likikwaruzwa kwa msumari.
- Viungo vilevile vimezibwa kwa lami mara mbili au tatu, na bado vinavuja.
- Plastiki imepauka kwa jua na kupasuka.
- Gata limebonyea, na hata baada ya kuongeza vishikizo maji bado yamesimama kesho yake.

Kagueni pia ubao unaoshika gata. Ukiwa umeoza, anzeni na huo, la sivyo gata jipya litaanguka pamoja nao. Gata jipya literemke kuelekea kwenye pipa kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 1. Fundi atapima kwa pimamaji.

Na kama fedha za kununua jipya hazijapatikana? Liondoeni lile bovu. Ni afadhali paa lisilo na gata kuliko gata linalotunza maji juu ya vichwa vya watoto.

Wakati wa kufanya kazi hii ni kabla ya mvua. Familia nyingi za bondeni huhamia mashambani msimu wa mpunga na kuiacha nyumba kwa muda mrefu. Katika joto letu, wiki moja hadi siku 10 zinatosha kwa yai kuwa mbu anayeruka. Basi kabla ya kufunga mlango, safisheni gata na funikeni pipa kwa wavu au kitambaa kizito.

Maji ya mvua ya kwanza yaacheni yapite, maana yanaosha kinyesi cha ndege na vumbi la paa. Yanayofuata yachemsheni kabla ya kunywa. Na mtu akipata homa kali, maumivu ya viungo na nyuma ya macho, msimpe aspirini, maana huweza kuzidisha kutoka damu; mpelekeni zahanati apimwe.

Hadi mwezi ujao, tunawatakieni afya njema.