Utomvu wa mnyaa jichoni: maji kwanza, tena mengi

Kama uzio wa nyumbani kwako ni wa minyaa, watoto wako wanacheza jirani na sumu kila siku. Sikuambii uung'oe. Mti huu unavumilia ukame, mifugo haiupendi, na nyumba nyingi za Singida, Dodoma na Usukumani zimezungushiwa huo. Hata jina la Manyara inasemekana limetokana na neno la Kimaasai la mmea huu.

Tatizo ni ule utomvu mweupe kama maziwa unaochuruzika tawi likivunjika. Mtoto anachezea kijiti, kisha anafikicha jicho. Baba anapunguza uzio kwa panga, tone linamrukia usoni.

Kinachowaponza wengi ni kwamba madhara hayaji yote kwa mara moja. Jicho linaanza kuchoma na kutoa machozi, mtu anasema litatulia tu, anaendelea na kazi. Saa kadhaa baadaye, pengine usiku, maumivu yanazidi, kope zinavimba, mwanga unamuumiza na anaona kama kuna ukungu. Utomvu umekwangua ngozi laini ya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na wakati mwingine uvimbe unafika hadi ndani.

Kwa hiyo usisubiri uone litakuwaje. Nawa mikono yako kwanza kwa sabuni, maana utomvu unanata na vidole vinaweza kuurudisha jichoni. Mlaze mtoto kwa upande wa jicho lililoumia, ili maji yasitiririkie lile zima. Fungua kope kwa vidole, mimina maji safi polepole bila kukoma kwa dakika 15 hadi 30. Atalia na kukupiga mateke, endelea. Anayevaa lenzi za macho azitoe.

Ukishaosha, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jicho linaonekana halina kitu. Mtaalamu wa macho ataweka tone la rangi maalumu na kumulika kwa taa ya bluu, hapo mikwaruzo isiyoonekana kwa macho ya kawaida itajitokeza. Kwa kawaida hutoa dawa ya kuzuia maambukizi, na ya kupunguza maumivu. Waliowahi mapema wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili, wakaona vizuri kama zamani.

Wanaopata kovu la kudumu mara nyingi ni wale waliochelewa, au waliotiwa kitu jichoni. Nazungumzia maziwa ya mama, mkojo, maji ya sukari na majani yaliyopondwa. Najua bibi anashauri kwa upendo, lakini vitu hivyo vinapeleka vijidudu kwenye kidonda kibichi. Sawa na hivyo, usinunue dawa ya matone dukani kwa kukisia. Zenye steroidi, kama deksamethasoni, hupunguza wekundu ukadhani unapona, huku maambukizi yakichimba konea. Hizo aamue daktari aliyelipima jicho.

Siku ya kupunguza uzio, vaa miwani, hata ya jua, na nguo ya mikono mirefu. Simama upande upepo unakotoka. Watoto wakae mbali mpaka matawi yote yaondolewe, na panga lioshwe kwa sabuni kabla halijarudi stoo.