Dizeli Iliyolala Katika Trekta la Chama

Trekta la chama cha msingi hufanya kazi majuma machache tu kwa mwaka. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama vile Dodoma na Singida, kilimo kikishapita trekta huegeshwa bandani kwa miezi mingi. Mvua za kwanza zinaponyesha, wanachama waliokwisha kulipa ada ya kulimiwa humjia katibu, nalo trekta haliwaki. Lawama hutupiwa betri au dereva, kumbe mara nyingi kosa limo ndani ya tangi: dizeli ya msimu uliopita.

Dizeli safi, iliyofunikwa vizuri na kuwekwa kivulini, huweza kukaa miezi 6 hadi 12. Baada ya hapo huanza kuwa nyeusi na kufanya masimbi. Lakini umri peke yake si adui mkubwa. Adui mkubwa ni maji.

Jinsi maji yanavyoingia

Tangi lililojaa nusu limejaa hewa katika nusu iliyobaki. Usiku tangi linapopoa, unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone kama umande, nayo matone huteremka hadi chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Jambo hili likirudiwa usiku baada ya usiku, maji hujikusanya na kuleta kutu. Zaidi ya hayo, mahali maji na mafuta yanapokutana huota vijidudu na ukungu, vinavyofanya utelezi mweusi wa kuziba chujio.

Hata pipa la akiba lililosimamishwa nje huingiwa na maji. Mvua hutuama juu ya pipa, na pipa linapopoa usiku huyafyonza maji hayo kupitia kizibo, hata kama kizibo kimekazwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba pampu ya mafuta na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakifika humo huleta kutu na mikwaruzo. Chujio ni kitu cha bei ndogo, pampu sivyo.

Kupima kabla ya kuwasha

Trekta lililolala lisiwashwe kwa kujaribu tu. Kwanza dereva afungue skrubu ya kutolea maji iliyo chini ya tangi au chini ya chujio, akinge mafuta katika chupa nyeupe, na chupa iachwe itulie kwa saa moja.

1. Mafuta yakiwa maangavu, yanafaa. Yaongezwe dizeli mpya.

2. Yakiwa maangavu lakini yana maji chini, maji yaendelee kutolewa mpaka yatoke mafuta matupu, kisha chujio libadilishwe.

3. Yakiwa meusi, yana utelezi au harufu ya kuoza, yatolewe yote. Tangi lisafishwe na chujio jipya litiwe. Chujio la pili liwekwe tayari, kwani uchafu uliosalia huweza kuliziba la kwanza upesi.

Chujio likibadilishwa, hewa lazima itolewe katika mabomba kabla ya kuwasha. Mkono usikingwe mbele ya mafuta yanayoruka kutoka bomba la nozeli: nguvu yake hupenya ngozi. Aliyepatwa na ajali hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Mafuta mabovu yasichanganywe na petroli kwa nia ya kuyapa nguvu. Petroli huleta hatari ya moto na hupunguza ulaini unaoilinda pampu. Wala yasimwagwe shambani au karibu na kisima, wala yasitiwe katika taa. Yawekwe katika pipa lenye maandishi, mbali na mafuta mazuri, mpaka yapelekwe kwa wanaopokea mafuta machafu.

Wajibu wa kamati

Kinga iliyo bora ni kulijaza tangi msimu unapokwisha, ili hewa isipate nafasi. Kamati nyingine husita, ama kwa kuona fedha zinalala, ama kwa kuhofia wizi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si kuliacha tangi tupu. Kifuniko kitiwe kufuli. Kina cha mafuta kipimwe kwa kijiti mbele ya mjumbe wa kamati. Kipimo na tarehe viandikwe katika daftari la mali, na kupimwa tena kila mwezi.

Pipa la akiba lilazwe chini ya paa. Siku moja kabla ya kutumiwa lisimamishwe ili uchafu utuame, na mafuta ya chini kabisa yasitumiwe. Chombo cha bati lililopakwa zinki kisitumike kuwekea dizeli, kwa kuwa zinki huiharibu.

Mwisho, tarehe ya kupima mafuta iwekwe mwezi mmoja kabla ya mvua, na iingizwe katika ajenda ya kamati. Tatizo likionekana mapema, bado kuna muda wa kutafuta chujio mjini. Likionekana siku ya kulima, gharama yake hulipwa na mwanachama aliyeko mwisho wa orodha, ambaye shamba lake litapandwa wakati mvua zimekwisha kupungua.