Je, Wajua?

Je, wajua kuwa katika mji mdogo wa Lonaconing, jimbo la Maryland nchini Marekani, kiwanda cha uzi wa hariri kilifungwa mwaka 1957, na kwa zaidi ya miaka 50 baadaye mashine zake, bobini na hata viatu vya wafanyakazi vilibaki palepale?

• Kilianza kazi mwaka 1907 katika bonde la makaa ya mawe. Wanaume walishuka migodini. Kiwandani wengi walikuwa wanawake na wasichana.

• Hariri ghafi ilitoka hasa Japani. Ilipofika bandari za Pasifiki, treni maalumu ziliikimbiza hadi mashariki ya Marekani. Bima yake ilitozwa kwa saa, hivyo hata treni za abiria zilizipisha.

• Vita vya Pili vya Dunia vilikata hariri ya Japani. Kiwanda kikageukia rayoni, yaani hariri bandia.

Majengo kama haya yatunzwe: yanahifadhi jasho la wanawake ambao vitabu vingi vya historia vimewasahau.