Ukurasa Ubadilishwapo katika Simu

Mtu atumiaye programu ya benki katika simu ya mkononi huandika namba yake ya siri, huingia, hutuma fedha, kisha hubonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Je, yampasa kuona nini juu ya kioo? Swali hili laonekana dogo, lakini likijibiwa vibaya mtu aweza kulipa deni moja mara mbili.

Kila sura ionekanayo kiooni tutaiita hapa ukurasa. Programu huzipanga kurasa hizo kwa rundo, mfano wa sahani jikoni: iliyowekwa mwisho ndiyo itwaliwayo kwanza. Kanuni hii ni ya kale kuliko simu zenyewe. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Munich, Ujerumani, Friedrich Bauer na Klaus Samelson, waliiombea hataza.

Ukurasa mpya huwekwa juu ya ule wa awali. Kitufe cha kurudi huuondoa, nao uliokuwa chini yake huonekana tena kama ulivyoachwa. Kwa msomaji wa habari aliyetoka katika orodha ya vichwa akafungua taarifa moja, utaratibu huu wafaa kabisa. Haufai pale ambapo jambo limekwisha kutendeka. Aliyekwisha kulipa akirudishwa kwenye fomu ya malipo, ambayo bado ina kiasi na jina la mpokeaji, hudhani fedha hazikwenda, naye hubonyeza tena.

Hapo ndipo mtunga programu hupaswa kubadilisha badala ya kuongeza: ukurasa wa risiti hauwekwi juu ya fomu, bali mahali pake. Katika Flutter, mfumo wa Google ambao toleo lake 1.0 lilitoka Desemba 2018, amri hizo ni mbili mbalimbali. Ukibadilisha, ukurasa wa zamani hutupwa mara ule mpya umalizapo kutokea, na yote yaliyoandikwa humo hupotea. Basi amri hii isitumiwe ovyo. Mwombaji wa mkopo aliyejaza nusu ya fomu, akafungua ukurasa wa masharti ili ayasome, ana haki ya kuikuta fomu yake ikimngoja.

Mtumiaji akifunga akaunti yake kisha akamwazima ndugu yake simu, kubadilisha ukurasa wa juu pekee hakutoshi. Zilizo chini bado zina salio lake. Rundo zima sharti liondolewe, ubaki ukurasa wa kuingilia tu.

Tena, mtandao ukichelewa, kitufe cha kutuma chaweza kubonyezwa mara mbili kabla ukurasa haujabadilishwa, na hapo rundo halina msaada wowote. Kila agizo la malipo lapaswa kupewa namba yake ya pekee tangu simuni, ili kompyuta ya benki ikiipokea namba ile ile mara ya pili irudishe jibu la kwanza, bila kuhamisha fedha tena.